Binti wa Mzee Mrimba na Ufalme wa Kilwa

Watoto wetu hufundishwa shuleni ya kuwa Kilwa Kisiwani palikuwa mji mkubwa wa pwani, ya kuwa dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafalme wake, na ya kuwa wafalme hao walipiga sarafu zao wenyewe. Hayo ni kweli, na ni vema wayajue. Lakini watoto hao hao wakituuliza ufalme ule ulianzaje, aghalabu twawajibu kwa maneno machache: walikuja Washirazi, wakakinunua kisiwa kwa nguo. Jibu hilo ni fupi mno, tena lina upungufu mkubwa, kwa maana limemwacha nje mwanamke mmoja. Katika somo la juma hili twataka kumrudisha mahali pake. Habari yake yahusu mambo mawili yanayozungumzwa hata leo katika kila nyumba, yaani ndoa na asili ya watu.

Habari za mwanzo wa Kilwa zimetufikia kwa njia tatu. Ya kwanza ni kitabu cha Kiarabu kilichotungwa katika karne ya 16, hapo Wareno walipokwisha kuingia. Nakala yake ilipatikana Unguja katika karne ya 19, nayo imehifadhiwa London. Ya pili ni maandishi ya Mreno João de Barros, aliyechapisha kitabu chake Lisbon mwaka 1552, naye alikuwa amepata habari za wafalme wa Kilwa mmoja baada ya mmoja. Ya tatu ni masimulizi ya wazee wa pwani yetu ya kusini, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchapwa Berlin mwaka 1907 na Mjerumani Carl Velten. Msomaji asiidharau hiyo ya tatu kwa sababu ilichapwa mwisho. Neno laweza kukaa kinywani miaka mingi kabla ya kukaa karatasini, na pengine kinywa hutunza jambo ambalo kalamu iliona halifai.

Kitabu cha Kiarabu chasimulia ya kuwa mfalme mmoja wa Shirazi aliota ndoto, akamwona panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta wa mji. Akaifasiri ndoto ile kuwa dalili ya kuanguka kwa nchi yake, akaondoka pamoja na wana wake sita katika majahazi saba, na kila chombo kikatia nanga mahali pake; kimoja kikafika Kilwa. Hapo wageni walimkuta Mwislamu mmoja na jamaa yake, akawaambia ya kuwa mwenye kisiwa amekwenda bara kuwinda. Mwenye kisiwa aliporudi alikubali kukiuza kwa bei moja tu, yaani nguo za kutosha kukizungushia kisiwa pande zote. Bei ikalipwa, naye akahama. Lakini moyoni alikusudia kurudi na watu wake awaue wageni na kutwaa mali yao. Wageni wakatambua, wakachimba mahali pale ambapo watu walizoea kuvuka kwa miguu maji yakupwapo. Bahari ikajaa, na njia ikafungika.

Barros hana panya. Yeye asema ya kuwa Ali alikuwa mwana wa mfalme wa Shirazi kwa mama wa Kihabeshi aliyekuwa mtumwa, na nduguze wengine walizaliwa na mama wa ukoo bora wa Kiajemi. Ndugu hao walimdharau kwa ajili ya mama yake. Basi Ali akaondoka Hormuz pamoja na mkewe, watoto wake na watu wake, akatafuta pwani ambako angeweza kuwa bwana bila ya kuwa chini ya mtu. Hakupenda kukaa Mogadishu wala Barawa, akaja kusini, akafika Kilwa, akanunua kisiwa kwa nguo.

Sasa tuwasikilize wazee wa pwani. Wao wasema ya kuwa kabla ya kuja mgeni yeyote kisiwa kilikuwa na wenyewe, na mkubwa wao alikuwa Mzee Mrimba, Mmachinga kwa kabila. (Jina hilo wasomaji wetu wa mijini wamezoea kulisikia kwa wachuuzi wa barabarani, kumbe kwanza ni jina la watu wa Kilwa na Lindi.) Kisha akaja Sultani Ali, Mshirazi, na vyombo vyake, bidhaa zake na watoto wake, na mmoja wa watoto hao aliitwa Fatima. Mgeni alikwenda kwa Mzee Mrimba kwa heshima, akaomba mahali pa kukaa, akapewa, naye akatoa zawadi za nguo na shanga. Wakaishi vizuri. Tena Sultani Ali akamwoa binti wa Mzee Mrimba.

Hapo ndipo habari inapoingia katika nyumba. Sultani hakumwendea Mrimba mwenyewe kuomba kisiwa. Alimtuma mkewe. Alimwambia amweleze baba yake ya kuwa haifai mkwe na baba mkwe kukaa katika mji mmoja. Afadhali mzee ahamie bara, na siku yoyote atakapopenda kumtazama mkwewe atakaribishwa. Binti akachukua maneno hayo mpaka kwa baba yake. Mrimba akajibu ya kuwa yu tayari kuhama, ila mkwe amtandikie nguo toka Kisiwani mpaka bara, apate kupita juu yake. Binti akarudi kwa mumewe na jibu. Nguo zikatandikwa, na mzee akapita na watu wake.

Tulifikiri sana juu ya safari hizo mbili za binti, ya kwenda na ya kurudi, kwa maana ndani yake umo ufalme mzima. Kila mtu wa pwani ajua heshima ya ukwe. Mwanamume hali na baba mkwe wake ovyo ovyo, hasemi naye kwa mzaha, na akiweza hujenga mbali kidogo. Desturi hiyo ni njema, nayo huepusha ugomvi mwingi. Lakini tazameni jinsi Sultani alivyoitumia. Kwa desturi, anayepaswa kujitenga kwa heshima ni mkwe, na mwenye mji hukaa mahali pake. Yeye aliigeuza, akaifanya adabu iwe sababu ya kumwondoa mwenye mji. Tena aliiweka katika kinywa cha mtu ambaye Mrimba hakuweza kumkasirikia. Angaliitamka mwenyewe, pengine mishale ingalijibu siku ile ile.

Wako watakaomlaumu yule binti na kusema aliisaliti nyumba ya baba yake. Sisi hatuwezi kukubali. Msichana aliyeozwa kwa mgeni mwenye mali, katika kisiwa kidogo ambacho upande huu yuko baba na upande huu yuko mume, angalifanya nini? Akikataa kuchukua ujumbe amemvunjia mumewe heshima, akiuchukua amemhamisha baba yake. Hakuchagua kuwa daraja. Waliomfanya daraja ni wanaume wawili, mmoja aliyetoa binti na mmoja aliyetoa bidhaa, na kila mmoja wao alidhani amepata faida kuliko mwenzake. Mrimba alidhani amempata mwana mwenye vyombo na nguo. Akaja kuona ya kuwa amekipoteza kisiwa.

Je, walipendana? Wasomaji wetu vijana watauliza hivyo, nao wana haki ya kuuliza. Wazee hawakusema. Walitaja nguo, walitaja shanga, walitaja hata mahali nguo zilipoishia, lakini juu ya moyo wa mke au wa mume hawakutoa neno, wala sisi hatutawatungia. Kilichosimuliwa ni kwamba Mrimba alipokuwa bara alijuta, akataka kurudi kwa vita. Na Sultani na watu wake wakasoma Kurani ili asiweze kuvuka. Basi mfikirieni yule mama siku hizo, baba yake akinoa mikuki ng'ambo ya maji, mumewe akisoma dua za kumzuia, naye yuko katikati. Baadaye tunaambiwa ya kuwa alizaa mtoto wa kiume, akaitwa Muhammad bin Ali.

Mtoto huyo ndiye aliyemaliza ugomvi. Alipokuwa kijana alikwenda bara kumzuru babu yake, na Mzee Mrimba, yule yule aliyetaka kupigana, akamwachia mjukuu wake mamlaka yake yote. Neno hili laeleweka vizuri kwa watu wa kusini. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera tangu zamani wamehesabu uzazi kwa upande wa mama, na mtoto kwao ni wa ukoo wa mama yake. Kwa Waislamu kutoka ng'ambo, nasaba ilihesabiwa kwa baba. Basi kijana mmoja akawa mrithi kwa sheria mbili. Kisiwani aliitwa mwana wa Sultani, na huko bara alipokewa kama mtoto wa nyumbani. Yale ambayo nguo hazikuweza kuyapata, yaani ridhaa ya Mrimba kutoka moyoni, yalipatikana kwa mjukuu.

Kwa nini basi kitabu cha Kiarabu na Barros havimtaji yule mke? Twaona sababu iko wazi. Kitabu kile kilitungwa kwa ajili ya wakubwa wa Kilwa waliotaka kuonyesha ya kuwa ufalme wao ni wa haki. Ununuzi ni hati nzuri: bei ilitajwa, bei ililipwa, muuzaji akaondoka, na watoto wa muuzaji hawana tena la kudai. Ndoa si hivyo. Aliyenunua shamba hamwiti muuzaji baba. Aliyeoa ana wakwe mpaka kufa kwake, na watoto wake wana wajomba. Mwandishi wa mfalme aliona ni afadhali kukumbuka nguo na kumsahau mke. Wazee wa bara nao walikuwa na sababu yao ya kumkumbuka, kwa maana kwa njia yake nao wamo katika ufalme. Kila upande ulitunza kile kilichoufaa.

Lakini hata wazee hawakututunzia jina lake. Fatima, aliyekuja na baba yake kutoka ng'ambo, ametajwa kwa jina. Binti wa nyumbani ameitwa tu binti wa Mrimba. Jambo hili si la Kilwa peke yake. Wasomaji wetu wakumbuke Kitabu cha Wafalme, ambamo twasoma ya kuwa Mfalme Salomoni alimwoa binti wa Farao, na ya kuwa Farao aliuteka mji wa Gezeri, akampa binti yake uwe zawadi ya arusi. Jina la mji limeandikwa, jina la bibi arusi halikuandikwa. Na huku kwetu, habari za Pate zasimulia karibu mambo yale yale. Sulemani Mnabahani, mgeni kutoka Arabuni, alimposa binti wa mfalme wa Pate. Siku ya saba ya arusi, alipokwenda kumwamkia mkwewe, akapewa ufalme kuwa fungu lake. Nako pia ufalme ulipitia katika chumba cha bibi arusi, na wasimulizi wakaendelea na habari za wanaume.

Si kila mara mambo yalikwenda vizuri kwa wafalme waliotafuta nchi kwa njia ya posa. Sayyid Said bin Sultani wa Unguja, ambaye katika siku zake ufalme wa zamani wa Kilwa ulikomeshwa kabisa, alimposa Malkia Ranavalona wa Madagaska, na papo hapo akamwomba askari elfu kadha wa kumsaidia katika vita vyake vya Mombasa. Malkia hakukubali kuolewa. Posa iliyokuja pamoja na hesabu ya askari haikumdanganya mwanamke yule.

Tuyaache hayo, maana msomaji makini amekwisha kuuliza: je, habari za Mrimba ni za kweli, au ni hadithi tu za kupitishia jioni? Swali hilo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Mwingereza Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1960. Alizikuta sarafu ndogo za shaba, nyingi sana, zenye jina la Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno yenye vina ya kumsifu Mungu. Kwa hiyo Ali mwenyewe si wa hadithi. Alikuwako, akapiga sarafu. Chittick alimweka yapata mwaka 1200. Mwaka 1984 ikapatikana hazina ya sarafu Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ambamo sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan zilikuwa pamoja na nyingine za nchi za Kiislamu zilizojulikana miaka yake, na tangu hapo wengi wamemrudisha nyuma mpaka karne ya 11.

Ila kuwako kwa Ali hakuonyeshi alitoka wapi. Chittick aliona ya kuwa watu wake walitoka pwani ya Banadiri, si Uajemi moja kwa moja. Wengine baada yake walikwenda mbali zaidi, wakasema ya kuwa neno Shirazi ni jina la heshima tu ambalo wenyeji wa pwani walijipa, na ya kuwa Uajemi haukuwa na sehemu yoyote katika damu yao. Tuwatendee haki hao: walikuwa wakipinga kosa kubwa kuliko lao, yaani lile la waandishi wa siku za ukoloni walioona nyumba ya mawe au msikiti wenye kuba, wakasema Mwafrika hawezi kujenga hivyo, lazima mgeni ndiye aliyejenga.

Mwaka 2023 jarida la sayansi liitwalo Nature lilitoa habari mpya. Wataalamu walichunguza vinasaba, yaani zile alama za urithi zilizomo mwilini, katika mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wao walitoka katika miji sita ya pwani, na Kilwa, Songo Mnara na Lindi zimo. Iliyobaki ni ya Mtwapa, Manda na Faza huko Kenya, na wengine walitoka katika mji mmoja wa bara. Wakaona ya kuwa katika wengi wa watu hao wa pwani zaidi ya nusu ya urithi ilitoka kwa Waafrika, hasa kwa akina mama. Na sehemu kubwa iliyosalia ilitoka Asia. Katika hiyo ya Asia, kiasi cha asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Na kuchanganyika kwenyewe kulianza yapata mwaka 1000.

Yatupasa kusema kwa uangalifu. Mifupa hiyo si ya Sultani Ali wala ya mkewe, na kipimo hicho hakituonyeshi ndoa moja. Kinaonyesha ndoa nyingi za vizazi vingi. Tena waliozikwa karibu na misikiti na katika makaburi ya mawe walikuwa wakubwa wa miji, si watu wote. Lakini hata tukiyaweka hayo yote mbele yetu, jambo moja linashangaza. Kitabu cha mfalme, chenye wino na orodha ya majina, kilisahau nusu ya habari. Wazee waliokaa barazani, wasio na karatasi, walisema: baba alitoka Uajemi na mama alikuwa wa hapa. Na mifupa imesema vivyo hivyo.

Hili si jambo la kuwafurahisha wataalamu peke yao. Ugomvi wa asili umewaumiza watu wetu wa pwani kwa muda mrefu. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu katika wenyeji na wasio wenyeji, na mgawo huo uliamua kodi ya mtu, mahakama yake na mambo mengine mengi. Basi familia moja yaweza kuwa ndugu huyu aliandikwa huku na ndugu huyu kule. Huko Unguja na Pemba neno Shirazi liliingia katika siasa, hata chama kilichoundwa mwaka 1957 kikaitwa Afro-Shirazi, na watu wakapimana kwa majina ya babu zao. Mpaka leo twamsikia mmoja akijivuna ya kuwa hana damu ya bara, na mwingine akimcheka jirani yake kwamba hana kabila. Wote wawili wanamtukana bibi yule yule. Anayejivuna anamkana mama wa ukoo wake mwenyewe. Anayecheka anamwita mgeni mjukuu wa Mrimba.

Na kama wataka kuona ni kitu gani hasa binti wa Mrimba alichopeleka katika nyumba ya mumewe, usitazame mawe, sikiliza. Sultani Ali alikuja na lugha yake. Lugha hiyo iko wapi? Tunayo maneno yenye asili ya Kiajemi kama bandari, diwani na serikali, na hata hayo mengine yalipita katika vinywa vya watu wengi kabla ya kutufikia. Kutoka Kiarabu tulipata maneno mengi zaidi, ya dini, ya sheria na ya biashara. Lakini jinsi tunavyoyafunga maneno pamoja, mtoto na watoto, kisiwa na visiwa, ninapenda na tunapenda, hayo yote ni ya Kibantu, ndugu wa lugha za majirani zetu wa bara. Mtoto hujifunza kusema akiwa mgongoni mwa mama yake, naye huchukua lugha ya mgongo ule. Baba alitoa jina la ukoo na sala, mama akatoa maneno ya kuombea chakula. Vizazi vichache vikapita, na wafalme wa Kilwa wakawa wakijisifu kwa Shirazi katika lugha ya akina mama zao.

Habari za baadaye tutazipita upesi, maana hazina mapenzi ndani yake. Watawala wa ukoo wa Mahdali walishika nchi katika karne ya 13, na mmoja wao, al-Hasan bin Sulaiman, alijenga jumba la Husuni Kubwa. Huyo ndiye aliyetembelewa na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Katika karne ya 15 maamiri na mawaziri wakawa wakiweka na kuondoa masultani wapendavyo, mpaka Amiri Ibrahim akamwua Sultani al-Fudail na kushika nchi mwenyewe. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na mizinga, akauteka mji. Mapadre walishuka na msalaba wakiimba Te Deum, na siku ile ile askari wakaanza kupora. Tunaliandika jambo hilo kama lilivyokuwa, maana kulificha hakutatufaa. Kisha Wareno wakamvika taji mtu wao, Muhammad Ankoni. Hata yeye, aliyepewa ufalme na wageni, aliona ya kuwa taji bila nasaba ni zito: akaomba mrithi wake awe mwana wa al-Fudail, si mwanawe mwenyewe. Mwaka uliofuata akauawa kwa hila, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao wakaenda zao.

Kilwa haikufa siku ile. Miaka mia mbili baadaye, mwanzoni mwa karne ya 18, Kisiwani palikuwa na mwanamke aliyeitwa Mfalme Fatima, akitawala kwa jina lake mwenyewe, wakati Waarabu wa Omani na Wareno walipokuwa wakigombea pwani. Alipaswa kupima maneno yake sana, kama yule binti wa zamani aliyetembea kati ya nyumba mbili. Ila huyu aliwatuma wengine. Barua zilizoandikwa Kilwa katika siku zake, mwaka 1711, yeye akiwa mmoja wa walioziandika, zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na rafiki zao, kisha zikahifadhiwa Goa, huko Bara Hindi, na huko zipo. Hati zake ni za Kiarabu. Lugha yake ni Kiswahili, nazo ni za kale kuliko maandishi mengine yote ya Kiswahili yanayojulikana.